Kamba Nimeitoa kwenye Mzigo Wako

Mwanangu,

Ukifika Arash, huko kwenye kazi, utakuta mzigo wako umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Usimlaumu utingo wa lori. Kamba nimeitoa mimi jioni hii, ulipokwenda kuaga kwa majirani. Wewe ni fundi na mafundo yako hayafunguki ovyo, kwa hiyo nimevunja kucha. Nitakueleza kwa nini nimeitoa, lakini si sasa hivi. Nikianzia hapo utacheka, utakunja karatasi na kusema utamalizia baadaye.

Juzi tukiwa tunakula ulinitania. Ulisema, "Mama, mwanao anasafiri. Hutamwandikia barua?"

Mkeo akadakia, "Huyo mama yako hata kuomba chumvi ni shida. Atakuandikia nini?"

"Ndiyo maana nataka aandike," ukajibu. "Theresia wa kwanza hakujua kushika kalamu. Huyu nimemsomesha mpaka kidato cha nne. Hana pa kujificha."

Tulicheka, nikaenda kuosha vyombo. Lakini nilisikia sauti yako ilivyokuwa, na nikajua mtu anayetaniwa hapo siyo mimi peke yangu.

Basi nakuandikia kama mama, ingawa ni wewe uliyenizaa. Tangu nilipopewa jina la mama yako hujawahi kuniita Theresia. Ulinibeba mabegani ukisema, "Ayo, shika kichwa," na wageni wasiojua Kiiraqw walipoambiwa kwamba maana yake ni mama, walishangaa mwanamume mzima kumwita hivyo mtoto anayenyonya. Nilipokuwa darasa la pili nilikukemea kwa kuingia ndani na buti za udongo. Ulisema, "Nisamehe, mama," ukarudi nje kweli, ukazivua. Nilidhani watoto wote wana uwezo huo. Nilipokua nikaelewa kwamba ni mamlaka ya kuazima, na kitu cha kuazima hakitumiwi kila siku. Kwa jambo kubwa nimeitumia mara moja tu, nawe unajua ni wapi. Leo naitumia tena.

Sitakuambia uvae sweta. Mkeo ameshakuwekea mawili na atakukumbusha asubuhi mpaka lori liondoke. Sitakuambia uchemshe maji, wala ulale mbali na saruji. Kazi yako unaijua kuliko mimi. Wamekuita ukajenge nyumba za walimu kwa sababu kuta zako zinasimama, na mwenye kazi alipita hapa Karatu akaziona. Kwenye hilo sina wasiwasi hata kidogo.

Wasiwasi wangu uko kwingine, na ili niuseme vizuri lazima nirudi nyuma.

Deni letu halikuanza na uvivu. Nataka uende ukiwa na neno hilo, maana najua ukikaa peke yako jioni utajiita majina mabaya. Ulikodi shamba la vitunguu kule Mang'ola kwa sababu watu walikuwa wanajenga nyumba kwa vitunguu, na wewe ndiye uliyekuwa unawajengea. Ulisema, "Kwa nini nipandishe kuta za vitunguu vya wenzangu kila mwaka?" Mbegu na dawa ukachukua kwa mkopo kwenye duka la pembejeo, kwa Mangi. Vitunguu vikakubali. Nakumbuka tulivyokwenda kuvuna, vumbi jeupe na jua kali, na wewe ukishika kitunguu kimoja kama unapima tofali. Kisha bei ikaanguka wiki ileile. Tukavirudisha vingine nyumbani kusubiri, vikachipua kwenye magunia chini ya kitanda changu. Nililala na harufu ile mpaka nikaacha kuisikia.

Ili kumlipa Mangi tukachukua kwenye kikoba. Ili kurudisha kikoba, mkeo akachukua ule mkopo wa kila wiki ambao mtaani wanauita kausha damu. Na ili kulipa wiki, ukawa unakopa kwenye simu. Tulikuwa tunachimba shimo ili kufukia shimo, na kila shimo jipya lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu lilikuwa na riba yake.

Hapo ndipo mlinipa kazi ya mlangoni.

Kila Jumanne tulisikia pikipiki ya Frenki, yule kijana wa mikopo, ikipanda kutoka barabarani. Mkeo anaingia chumbani. Wewe unapita nyuma, kwenye mbaazi. Mimi nasimama mlangoni nikiwa na sare ya shule, naangalia chini, nasema, "Shikamoo. Baba hayupo. Mama ameenda msibani." Frenki aliniamini, kwa sababu mtoto mwenye aibu anaonekana kama hawezi kudanganya. Ulinisifu. Ulisema, "Mama ana uso wa kanisani." Nikafurahi. Ndiyo sifa niliyokuwa nayo nyumbani wakati ule, kwa hiyo niliifanya kazi vizuri. Tulizika watu wengi sana mwaka ule, mwanangu. Siku moja Frenki akaniuliza, "Hivi huko kwenu bado kuna mtu amebaki?" Nilicheka mbele yake, na aibu ya kucheka ikanifanya nilie baada ya yeye kuondoka.

Nilichojifunza mlangoni ni hiki. Uongo ule haukumfukuza Frenki. Ulitufukuza sisi. Mkeo aliacha kwenda kwaya, kwa sababu mwenyekiti wa kikoba alikuwa anaimba sauti ya pili. Wewe uliacha kupita njia ya dukani kwa Mangi, ukawa unazunguka bondeni ukiwa na ndoo yako ya zana kama mtu aliyeiba zana zake mwenyewe. Tulikuwa na nyumba lakini hatukuweza kukaa sebuleni mchana.

Aliyetutoa huko ni Madam Neema, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mkeo alikwenda kwenye mafunzo ya vikundi, akauliza swali akijifanya anauliza kwa niaba ya jirani. Madam akamjibu mbele ya wote, kisha akamfuata nje na kumwambia, "Huyo jirani yako aje ofisini na mume wake. Na amlete yule binti mkubwa, maana naye analibeba deni hilo."

Mpango wake haukuwa na uchawi wowote. Wanaotudai wote wanaitwa, wanakaa chumba kimoja. Madeni yote yanawekwa kwenye kapu moja. Sisi tunatoa fungu moja kila mwisho wa mwezi, lile tunaloliweza kweli, na linagawanywa kwa kila mmoja kulingana na anachodai. Wao wanasimamisha riba na faini. Sisi hatukopi tena popote, hata kwenye simu. Madam alisema jambo lingine ambalo wewe ulilisikia na mimi niliona bega lako likishuka. Alisema, "Kila mnachomiliki kitajwe hapa. Kikigundulika kilichofichwa, mpango umekufa siku hiyohiyo, na kila mtu anarudi kudai kivyake."

Sasa wapi duniani mtu wa kwetu anataja ng'ombe zake mbele ya watu?

Bibi, Theresia wa kwanza, alinifundisha hilo kabla sijajua kusoma. Ng'ombe hahesabiwi kwa sauti. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote nyumbani kwake. Mmoja anamweka kwa rafiki upande huu, mwingine kwa shemeji upande ule, ili ugonjwa ukija au jicho la mtu likija lisiwakute pamoja. Aliyewekewa anakunywa maziwa, anatumia samadi, na ananyamaza. Ukipita ukaona ng'ombe kwenye zizi la mtu, huulizi ni wa nani. Kuuliza ni utovu wa adabu, na kujibu ni utovu mkubwa zaidi.

Frenki hakuzaliwa huku. Alipokuja mara ya kwanza kuangalia dhamana alimwona ng'ombe mmoja mwekundu amefungwa nyuma ya jiko letu, akatoa simu apige picha. Akakuambia, "Mzee, sogea kidogo, shika kamba." Ukasogea, ukashika kamba. Hakukuuliza ni wa nani, nawe hukusema. Kwetu lingekuwa jambo dogo, maana hakuna mtu wa kijijini ambaye angeichukulia picha ile kama ushahidi wa kitu chochote. Lakini kwenye karatasi za Frenki yule ng'ombe akawa wako.

Siku ya kikao nilikaa karibu na mlango, mahali pangu nilipozoea. Mangi alikuja na soda yake mkononi. Mwenyekiti wa kikoba alikuja na kitenge kipya. Frenki akaweka kofia ya pikipiki juu ya meza ya Madam.

"Mimi sina maneno mengi," Frenki akasema. "Kuna ng'ombe hapa. Nina picha, na mzee mwenyewe ameshika kamba anatabasamu. Auzwe mnadani, nusu ya deni langu iishe leo. Hiyo mipango mingine tutaongea baadaye."

"Hata mimi naunga mkono," akasema Mangi. "Mtu ana ng'ombe wa maziwa, sisi tunalishwa msamaha?"

Madam akakugeukia. "Mzee, huyo ng'ombe yupo?"

Ukasema, "Yupo." Niliuangalia uso wako na nikajua unachohesabu. Ukisema si wako, umekiri kwamba uliweka dhamana kisicho chako. Ukisema ni wako, ng'ombe wa rafiki yako anauzwa Jumamosi. Na njia ya tatu ilikuwa kunyamaza mpaka watu wachoke, kama tulivyofanya mlangoni. Niliona unaichukua ile ya tatu.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilisikia tu kiti kikikwaruza sakafu. Nikasema, "Ng'ombe si wetu. Tumewekewa." Sauti ilitoka ndogo, Mangi akauliza, "Amesema nini huyu?" Ikabidi niseme tena.

Frenki akacheka. "Wewe si ndiye wa misiba? Leo nikuamini kwa lipi?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Nikabaki nimesimama. Basi ukainuka wewe, mwanangu. Ulisema, "Mumwamini kwa sababu mimi nilikuwa kwenye mbaazi kila alipokuambia sipo. Leo nipo. Ng'ombe si wangu. Jina la mwenyewe sitalitaja mpaka nimwombe ruhusa. Nipeni nafasi niende."

Tukaanza kurudi nyumbani. Tulipofika kwenye daraja la mti ulisimama ukiangalia maji. Ukasema, "Mama, umenivua shati mbele ya watu." Nikaanza kuomba msamaha. Ukainua mkono kunizuia. "Ngoja. Lilikuwa la kuazima."

Nimefikiria sana kama ningeweza kulifanya jambo lile kwa namna nyingine. Ningeweza kukuambia nyumbani, usiku uliotangulia. Nilijua kuhusu picha, nilikuwepo ilipopigwa. Lakini nilikuwa nimezoea kuwa mtoto asiyesema kitu, na ukimya wangu ulikaa mpaka ukakaribia kumuuza ng'ombe wa watu. Mtu mpole anasifiwa kila mahali, mwanangu, na hakuna anayemuuliza upole wake umemgharimu nani.

Kisha tukaenda Buger, mimi na wewe, kwa Mzee Gwandu, mwenye ng'ombe yule. Tulikwenda kwa miguu, kwa sababu ulisema hupeleki jambo kama lile kwa bodaboda. Nilidhani atafoka. Alituwekea kande, akatuangalia tunakula, na alipoona umeweka kijiko chini akasema, "Nasikia kuna mtu alikohoa ofisini."

Ukasema, "Huyu hapa."

"Theresia?" Akaniangalia kama ananinunua. "Yule mkubwa alikuwa hanyamazi hata akitafuna. Huyu tuliambiwa ni mpole, tukasema basi, safari hii tutapumzika. Kumbe mama yetu amerudi na mdomo wake!" Akacheka peke yake. Baba yake ndiye aliyemweka kwa Bibi, zamani, ng'ombe aliyemzaa mama wa yule mwekundu, kwa hiyo kile kilichokuwa nyuma ya jiko letu kilikuwa ni urafiki wa watu waliokwisha kufa.

Ulimweleza yote. Hukuruka hata picha. Ulipofika kwenye kutabasamu Mzee Gwandu akakukatiza. "Ulitabasamu?"

"Nilitabasamu."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hakutabasamu."

"Basi ana akili kuliko wewe," akasema, na safari hii tulicheka wote, ingawa wewe ulikuwa na machozi.

Lakini ng'ombe alimchukua. Wiki iliyofuata alikuja hapa ofisi ya kata, akasema mbele ya Frenki na Madam kwamba ng'ombe ni wake, na akamtoa nyuma ya jiko letu akiwa anaongea naye kwa Kiiraqw njia nzima. Frenki alitishia polisi kwanza. Madam akamuuliza kwa upole kama polisi wangependa pia kuiona hesabu ya riba yake ya kila wiki. Frenki akavaa kofia yake, na baada ya siku kadhaa akarudi kusaini kama wengine.

Na wewe, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, ukamwambia mkeo kuhusu mtamba wako mwenyewe uliyemweka kwa watu huko juu. Jibu lake nitalikumbuka mpaka niwe bibi. "Nina mtamba?" mkeo akauliza. "Tuna mtamba, na mimi miaka yote hii nauza maziwa yote, nakunywa chai ya rangi?" Ukasema, "Ndiyo desturi." Akasema, "Desturi ikusongee ugali leo," akaenda kulala. Kesho yake akaamka, akakusaidia kumpeleka mnadani. Bei ilikuwa nzuri na yote ikaingia kwenye kapu. Nilimwona mkeo akimshika mtamba shingoni kabla hajakabidhiwa. Walikuwa wamejuana asubuhi moja tu.

Ndiyo maana leo zizi halina kitu, na ndiyo maana unakwenda. Mimi nafua mashuka kule lodji, mkeo anauza maandazi, na vyote viwili vinatulisha. Fungu la mwisho wa mwezi litatoka kwenye mikono yako. Likikosekana miezi miwili mfululizo, mpango unavunjika, riba inaamka, na watarudi kudai kila mmoja kivyake, safari hii kiwanja hiki.

Sasa nafika kwenye kamba.

Jana nilikuwa bombani. Kulikuwa na wanawake wawili mbele yangu, hawakuniona, au waliniona wakasema liwalo na liwe, maana mimi ni yule asiyejibu. Mmoja akasema, "Baba Theresia naye anaondoka. Si ndivyo alivyoondoka baba Joyce?" Mwenzake akasema, "Deni likimzidi mume, mume anakuwa msafiri."

Baba Joyce alikwenda migodini. Alituma pesa, akatuma tena, kisha akatuma salamu bila pesa, kisha simu ikawa haipatikani. Joyce alikaa na mimi dawati moja. Najua kwamba baba yake hakuwa mtu mbaya. Nadhani ulikuja mwezi mmoja mbaya, akaona aibu kupiga simu mikono mitupu. Mwezi wa pili akawa na aibu mbili. Sasa zimekuwa nyingi kiasi kwamba hawezi kuzibeba mpaka nyumbani. Alijificha kwenye mbaazi kama wewe, ila mbaazi zake ziko mbali.

Nilirudi na ndoo nikakukuta unafunga mzigo. Ulitafuta kamba, ukaona ile ya ng'ombe mwekundu inaning'inia mahali pake pa siku zote, ukaichukua. Najua hukuwa na nia yoyote. Ulihitaji kamba. Lakini mimi nilisimama pale nikiiangalia, kwa sababu nilikuwepo Buger, na nilisikia neno la mwisho alilokuambia Mzee Gwandu tulipokuwa tunaondoka. Alisema, "Simchukui kwa hasira. Namchukua kwa sababu mtu wa pikipiki amempiga picha. Siku utakayomaliza kulipa, njoo umchukue tena. Usinitumie ujumbe wa simu. Njoo mwenyewe, kwa miguu, na kamba ileile."

Kamba ile si ya kufungia mabegi. Ikienda Arash itafungia mabati, itafungia jukwaa la ujenzi, italowa, itakatika, na hakuna atakayekumbuka ilikuwa ya nini. Kwa hiyo nimeitoa. Mpira wa baiskeli nimeununua kwa fundi kwa pesa yangu ya mashuka, na umefunga vizuri kuliko unavyofikiri.

Mwanangu, sina mengi ya kukushauri kuhusu maisha, maana nimeyaishi machache, na mengi ya hayo nimeyaishi mlangoni. Lakini kuhusu aibu ninajua kitu. Kabla ya kikao ilikuwa imetukalia miaka. Tuliposema kila kitu mbele ya watu walewale tuliokuwa tunawakimbia, iliisha mchana mmoja. Jumapili iliyofuata mkeo akarudi kwaya na akasimama karibu na mwenyekiti wa kikoba, sauti ya pili. Mangi alikuuzia misumari na akakuuliza habari za mama. Dunia haikufanya chochote. Tulikuwa tumeiogopa bure.

Kwa hiyo mwezi ukija vibaya, mvua ikasimamisha kazi, au mwenye kazi akachelewa kulipa, piga simu kabla ya tarehe. Panda kilima mpaka mtandao ushike, useme, "Mama, mwezi huu sina." Basi. Nitapeleka neno hilo kwa Madam Neema mimi mwenyewe, na nitalisema kwa sauti inayosikika mara ya kwanza. Alituambia kwamba mpango unaweza kupindwa ukielezwa mapema, na kwamba kinachouvunja ni ukimya. Usikope kwenye simu ili unipendeze. Sitaki pesa ya shimo jingine. Afadhali sauti yako mikono mitupu kuliko pesa iliyokuja bila sauti.

Kesho lori litapanda mpaka geti la hifadhi na kuingia kwenye ukungu, na litakapopita ukingoni mwa kreta nadhani utageuza uso upande wa huku, ingawa hutaona kitu. Kule utakaa na wafugaji. Jioni watakuuliza habari za nyumbani, za mvua, za watoto. Mkifika kwenye ng'ombe, utanyamaza, na wao watanyamaza, na mtaelewana vizuri sana. Lakini moyoni mwako mtaje mmoja. Mwekundu, yuko Buger, anasubiri.

Watu wa bombani nitawajibu safari hii. Sijui nitasema nini bado. Nafanya mazoezi nikifua.

Nasikia unarudi, unaongea na mbwa hapo nje, kwa hiyo namaliza. Ukisoma hapa utakuwa umeshakaribia kuuliza kamba iko wapi. Nimepanda juu ya ndoo yako ya zana nikaining'iniza kwenye msumari ulioupigilia mwenyewe juu ya mlango wa jiko, ule uliouweka kwa kimo chako ukasahau kwamba sisi wengine ni wafupi. Nikishuka kwenye ndoo siifikii. Mkeo naye haifikii. Ndoo unaondoka nayo kesho.

Njoo uishushe mwenyewe, Baba.

Mama yako,
Theresia